Mwenyeji Asiyesikia

Lugha yetu imelitwika neno kusikia mzigo mkubwa kuliko sikio linavyoweza kuubeba. Twasema mtu anasikia njaa, anasikia baridi, anasikia harufu ya kilua, anasikia uchungu. Na katika hayo yote sikio halina kazi. Tena twamwambia mzazi kwamba mwanawe hasikii, na makusudio yetu si kwamba mtoto ni kiziwi bali kwamba hatii. Wahenga nao waliyatia muhuri hayo waliposema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Kwa hivyo kusikia kwetu ni kuhisi, ni kufahamu, na ni kutii, yote kwa pamoja. Na mtu aliyezaliwa kiziwi, kabla hajatenda jema wala baya, anajikuta amekwisha kuwekwa na lugha yenyewe upande wa wasiofahamu na wasiotii.

Jambo hili lingekuwa la wanaisimu peke yao lau lisingekuwa na watu ndani yake. Lakini iko kazi moja ambayo watu huamini kuwa mzizi wake ni kusikia, nayo ni kuhudumia wageni, hasa wageni wa usiku: katika nyumba za kulala wageni, katika mikahawa inayokesha, katika baa na kumbi za muziki. Swali ninalotaka kulijadili ni hili. Mwanamke kiziwi akitaka kuifanya kazi hiyo kuwa kazi ya maisha yake, si kibarua cha mwezi mmoja, aianze kwa kubeba sahani na aimalize akiwa msimamizi wa nyumba, je, tunapomzuia kwa jina la kumhurumia, tunafanya wema, au ni dhuluma iliyovaa kanzu ya wema?

Nauweka mjadala huu Dodoma kwa sababu sijui mji mwingine wa nchi hii uliolazimika kujifunza ukarimu kwa haraka kama ule. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, ukatembea kwa mwendo wa kinyonga kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza mwaka 2007. Mwaka 2016 Serikali ikaamua kuhamia huko kwa dhati. Na mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Bunge linapokaa kujadili bajeti, tangu Aprili hadi mwishoni mwa Juni, wageni hujaa, na katika ubaridi wa Juni wa uwanda ule wa juu watu hutafuta penye moto, nyama na mazungumzo. Wabunge na wasaidizi wao, wanafunzi na wazazi wao, madereva wa malori ya kwenda Singida na Mwanza, wote hao wanataka mtu wa kuwapokea wakati wengine wamelala. Aghalabu mtu huyo ni mwanamke, na jina alilopewa ni baamedi, neno ambalo wengi hulitamka kwa upande wa mdomo.

Kabla hatujaingia katika usiku wa Dodoma, yafaa tutazame jambo lililokwisha kutendeka mchana, kusini yake, ukivuka bwawa la Mtera na kupanda hadi Iringa. Huko, mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, msanii mmoja kutoka Uingereza aitwaye Susie Hart alianzisha karakana iliyoitwa Neema Crafts. Alianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, na mojawapo ya malighafi zao ilikuwa kinyesi cha tembo. Karakana ikakua, ikapokea watu wenye ulemavu wa namna nyingine, ikafungua mkahawa, na baadaye nyumba ya wageni. Katika mkahawa ule waliohudumu walikuwa viziwi. Mgeni alipoketi hakuambiwa awaonee huruma. Aliwekewa orodha ya vyakula yenye kumwonyesha namna ya kuagiza kwa alama, na kama vidole vyake vilikuwa vizito, palikuwa na kalamu na karatasi.

Nadhani wengi waliokula pale waliondoka wakisema kuwa wameona jambo la kupendeza, wakaishia hapo. Mimi naona kuwa palitendeka jambo zito kuliko kupendeza. Katika nchi nzima, kiziwi ni mgeni wa kudumu. Sokoni, hospitalini, ofisini na msibani, yeye ndiye anayetakiwa kujitahidi aeleweke. Akishindwa, kosa ni lake. Ndani ya kuta zile mizani iligeuka. Lugha ya nyumba ilikuwa yake, na sisi tuliozoea kuwa wenyeji kila mahali tukawa wageni, tukaonyesha kwa kidole, tukakosea, tukarekebishwa kwa tabasamu. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa kawaida twaielewa methali hiyo kuwa mgeni huja na baraka au zawadi. Pale mwenyeji alipona kwa njia nyingine: alipona kwa kupata nafasi ya kuwa mwenyeji.

Hapa ndipo huruma na ukarimu vinapoachana njia. Ukarimu una pande mbili, anayetoa na anayepokea, na wote wawili wana heshima. Mpokeaji wa leo ndiye mtoaji wa kesho. Huruma ina upande mmoja tu wa juu. Mwenye nyumba ya wageni anayemwajiri msichana kiziwi kwa huruma humpa kazi ya kuosha vyombo nyuma ya nyumba, asikoonekana, na miaka kumi baadaye humkuta palepale kwenye beseni. Hajamdhulumu kwa maneno wala kwa kipigo. Amemnyima tu kile ambacho kila mwajiriwa mwingine anakipata bila kukiomba, yaani nafasi ya kukosea mbele ya wateja, kujifunza na kupanda.

Sasa tuingie usiku. Mkahawa wa Iringa ulikuwa mahali pa chai, kahawa na keki, na jua lilikuwa mshirika wake. Usiku una masharti mengine. Kiziwi husikia kwa macho. Ukimzimia taa, umemziba sikio na kumfunga kinywa kwa wakati mmoja, kwani haoni alama za mwenzake wala mwenzake haoni zake. Na sisi wenye kusikia tuna mazoea ya ajabu: tukitaka kustarehe tunapunguza mwanga na kuongeza sauti. Ukumbi wenye giza na makelele ni mahali palipojengwa kwa ajili ya masikio pekee, kisha masikio hayo hayo yakaharibiwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya kumbi za starehe, likasema wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Mfanyakazi anayesimama karibu na spika usiku baada ya usiku anauza usikivu wake kidogo kidogo, na wala hatajiwi katika mkataba.

Lakini tazama kinachotokea humo ndani muziki unapopanda. Mteja anayetaka bia mbili huinua vidole viwili. Anayetaka ya baridi huigusa chupa na kutikisa mabega. Anayetaka bili huandika hewani kwa kalamu isiyokuwapo. Wale wenye kusikia, wakizidiwa na makelele yao wenyewe, hukimbilia alama. Nazo ni alama chache na maskini, za watu waliojifunza lugha saa ile ile wanayoihitaji. Mwanamke kiziwi aliyelelewa katika Lugha ya Alama ya Tanzania anaweza, kutoka kaunta hadi mlangoni, kumweleza mwenzake kuwa meza ya pembeni haijalipa, kuwa yule bwana amelewa asiongezewe, kuwa jiko limeishiwa ndizi. Katika ukumbi ule yeye ndiye mwenye lugha, na waliobaki ndio mabubu. Nasema hivi nikijua kuwa neno bubu linawaudhi viziwi, na wana haki. Nalirudishia upande uliolizoea kulitupa.

Wasomaji wa pwani hawapaswi kulistaajabia jambo hili. Mwanamke wa kwetu alijua tangu zamani kusema bila ya kufungua kinywa. Kanga aliyoichagua asubuhi huenda ikamjibu jirani, ikamwonya wifi, ikamwambia mume neno ambalo ulimi ungeliona zito. Na mwenye kuambiwa huelewa, hana pa kukanusha. Huko Ugogoni nako wanawake hupiga muheme, ngoma zilizobanwa mapajani, na mdundo wake huufikia mwili kabla haujafika sikioni. Tamaduni zetu zina milango mingi ya maana. Ni sisi tulioamua kuufungua mmoja na kuipiga kufuli mingine.

Pingamizi la kwanza ni la usalama, na silidharau. Mwanamke kiziwi anayetoka kazini saa tisa za usiku hasikii nyayo nyuma yake. Hasikii pikipiki wala onyo. Akishikwa mkono na mteja chumba cha nyuma, hatapata maneno ambayo watu wa upande wa pili wa ukuta watayaelewa. Akifika polisi kushitaki, huenda asipate mkalimani, na shitaka lake likaandikwa na mtu aliyelikisia. Tuna msemo kwamba kunyamaza ni kukubali; msemo huu, ukiwekwa katika mdomo wa mlevi mbele ya mwanamke asiyesema, ni silaha. Kimya chake hakikuwa jibu hata siku moja. Alikataa kwa uso, kwa mikono na kwa mwili mzima, ila mtu wa pili alichagua kungojea sauti.

Hatari hizo ni za kweli. Swali ni chanzo chake, na nani alipe gharama yake. Mwenzake anayesikia naye hushikwa mkono, naye hufuatwa gizani, naye hudharauliwa kituoni. Hatari imetoka kwa mteja asiyekanywa, kwa uchochoro usio na taa, kwa mwenye biashara asiyetaka kulipia gari la kuwarudisha wafanyakazi nyumbani. Tukimwambia mwanamke kiziwi akae nyumbani kwa sababu ya hayo, tumewaacha wote waliotajwa hapo bila adhabu, tukamwadhibu yeye peke yake kwa kumnyang'anya riziki. Mlinzi anayemfungia ndani mwenye mali na kumwachia mwizi njia hatumwiti mlinzi. Tena nyumbani nako si salama kwa kila mwanamke, na aliye kiziwi asiye na kipato chake ana milango michache zaidi ya kutokea.

Sheria imekwisha kusema sehemu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inahesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku. Sheria hiyo hiyo inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni maneno mazuri. Lakini hesabu ndogo yatuonyesha tundu lake: asilimia 3 ya watu 20 haifikii hata mtu mmoja mzima, na baa ya mtaani yenye wahudumu sita na mpishi mmoja haiguswi kabisa. Kwa hiyo usiku wa Dodoma, kwa sehemu kubwa, umeachiwa dhamiri za wenye biashara na adabu za wateja. Ndiyo sababu nasema suala hili ni la maadili kabla ya kuwa la mahakama.

Pingamizi la pili nalitarajia kutoka visiwani kwetu. Atasema msomaji: mwandishi ametumaliza kwa hoja, lakini je, baa ni mahali pa kumtakia mtu maendeleo? Kwa nini tumtetee apate nafasi katika kazi ambayo tusingemtakia binti yetu? Najibu kwa heshima. Kwanza, kazi za usiku si pombe peke yake. Mapokezi ya hoteli, jiko, ufuaji wa mashuka, mkahawa wa supu ya alfajiri kituoni, hizo nazo ni kazi za usiku, na hoteli za Unguja zinazijua vizuri. Pili, mwenye kuona kuwa baa ni haramu ana haki ya kuona hivyo, maadamu anaiona haramu kwa wote, kwa anayesikia na asiyesikia, kwa mhudumu na kwa mwenye kumiliki. Kisichofaa ni kuwaachia wengine wachague wenyewe baina ya halali na haramu, kisha tukamchagulia kiziwi. Mtu mzima ambaye hana nafasi ya kukosea hana pia thawabu ya kuacha kosa. Kumhifadhi mtu asitende jambo kwa kumnyima uwezo wa kulitenda hakumfanyi kuwa mwema. Kunamfanya kuwa mtoto.

Pingamizi la tatu ni la mfanyabiashara, nalo ni la fedha: wateja hawana subira, watahamia jirani. Sitasema kuwa si kweli. Wengine watahama. Baadhi ya waliobaki watarudi kwa sababu maagizo yanayoandikwa hayaleti ugomvi wa bili usiku wa manane, na hilo ni faida ambayo kila mwenye kaunta anaielewa. Lakini sipendi kuijenga haki juu ya faida, kwani siku faida ikiondoka haki nayo itafukuzwa. Ukweli ni kwamba haki ina gharama, na mpaka sasa gharama yote ilikuwa inalipwa na kiziwi peke yake. Tunaombwa tuigawe: mwenye baa aongeze taa juu ya kaunta na njia ya nyuma, wafanyakazi wenzake wajifunze alama za kazi, mteja angoje dakika moja zaidi.

Limebaki suala la elimu, ambalo ndilo linaloamua kama kazi itakuwa kibarua au safari. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, nayo iko juu ya uwanda huo huo wa kati, magharibi ya Dodoma kwa reli. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Duniani kote elimu ya viziwi ilikuwa bado chini ya kivuli cha mkutano uliofanyika Milan mwaka 1880, ambapo walimu wenye kusikia waliamua kuwa mtoto kiziwi afundishwe kwa kusemeshwa na kusoma midomo, na alama ziachwe. Karne moja na zaidi ilipita mpaka mkutano wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver mwaka 2010 ulipoyakataa maazimio yale na kuonyesha majuto. Hapa kwetu viziwi hawakungoja. Chama chao, CHAVITA, kilichozaliwa miaka ya 1980, kililishika jina la viziwi bila kuona haya, na lugha zilizokuwa zimechipuka mbalimbali mashuleni zikaanza kukusanywa. Mwaka 2004 Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akatoa kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania. Lugha imekuwapo, na wenyewe wapo. Kinachokosekana ni mkalimani katika chuo cha hoteli, mtihani unaoweza kufanywa kwa alama, na meneja anayeamini kuwa mhudumu huyu aweza siku moja kuwapangia wengine zamu.

Tumfikirie basi mwanamke huyo, wa mfano tu, katika baa moja ya Dodoma. Ana miaka saba kazini. Anajua mvinyo wa zabibu za nchi ile na bei zake, anawajua wateja kwa nyuso zao kuliko wanavyojijua, anaona ugomvi ukianza machoni mwa watu kabla haujafika midomoni. Msimamizi wa zamani ameondoka na nafasi iko wazi. Mwenye biashara anampenda, anamsifu mbele ya wageni, humpa na nauli ya sikukuu. Je, atampa funguo? Hapo ndipo kipimo kilipo. Sifa na nauli vyaweza kutoka katika huruma. Funguo hutolewa kwa kuaminiana.

Sisi wapenzi wa mashairi tumejengewa sanaa yetu juu ya sikio. Vina tunavipima kwa sikio, mizani tunaihesabu kwa sikio, na mtunzi asiyefuata tunamwambia kuwa hana sikio. Kwa hiyo huenda sisi ndio wagumu zaidi wa kukubali kuwa maana yaweza kukaa mkononi, usoni, katika mwanga. Lakini lugha ile ile iliyomdhulumu kiziwi imetuachia pia njia ya kurudi, maana imelipa neno kusikia upana unaozidi sikio. Mwanamke yule wa Dodoma anasikia baridi ya Juni anaporudi nyumbani, anasikia uchovu miguuni, anasikia uchungu akipitwa na cheo. Hayo yote anayasikia vizuri. Yuko anayemngoja mwenye baa na mteja, na pengine mimi na wewe tukifika huko kwa shughuli zetu, tumsikie naye. Na kwa kuanzia yatosha tujifunze kwa mikono namna ya kusema ahsante, na tuache taa ikiwaka.